Mlango wa Kukimbilia

Chumba cha kwanza nilichoonyeshwa Tukuyu kilikuwa na wapangaji tayari: magunia kumi na moja ya mahindi na paka mmoja. Dalali alisukuma mlango kwa bega, akapiga chafya mbili za vumbi, akasema, "Hii ni self, mwalimu." Nikamuuliza hiyo self yenyewe iko wapi. Akafungua mlango wa nyuma, akaninyooshea kidole choo cha uani, hatua kama kumi na tano kwenye tope. "Ukitoka hapa unaingia pale," akasema. "Hupiti kwa mtu." Nikampa elfu tano yake ya kuonyeshwa, nikarudi gesti.

Neno hili self limetutesa wengi. Waliolianzisha walikuwa na maana ya chumba chenye choo na bafu humo humo. Wengine huita masta. Mimi nilitaka hicho, na kidogo cha nyongeza: kaunta ya kuweka jiko la gesi, mlango wangu mwenyewe wa kufunga na kufungua, na mahali karibu pa kuegesha semi.

Hapo kwenye semi ndipo madalali walipokuwa wakinitazama mara ya pili. Mume wangu ni dereva. Anapakia Dar es Salaam, anashusha Lilongwe, na barabara ya kutoka Uyole kwenda mpaka wa Kasumulu inapita Tukuyu, apende asipende. Miaka minne ya ndoa nilikuwa Muheza nafundisha, yeye anapita huku. Basi nikampata mwalimu mwenzangu wa Rungwe aliyechoka na baridi, tukabadilishana vituo. Uhamisho wa kubadilishana ni wa ombi lako mwenyewe, hauna posho wala nauli. Nilihamisha godoro, sufuria na vitabu kwa hela yangu, nikashuka kwenye kosta nikiwa mke wa mtu anayepita mara tatu kwa mwezi, mzigo ukiwepo.

Ilikuwa mwezi wa tatu. Tukuyu inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa nilivyoona mimi, nyingi yake ilikuwa imeningoja stendi. Nililala gesti siku tisa kwa elfu kumi na tano kila usiku. Siku ya nne viatu vyangu vya ngozi viliota ukungu wa kijani mithili ya mkate uliosahauliwa kabatini. Siku ya sita nilivaa sketi mbichi kwenda darasani, maana kamba ya gesti ilikuwa na nguo za wageni wa tangu juma lililopita, nao bado walikuwa wakizisubiri.

Chumba cha pili kilikuwa self kweli, hilo siwezi kumnyima dalali. Choo kilikuwa ndani, kwenye kona, peupe. Hakuna ukuta, hakuna pazia, hakuna hata tofali moja la heshima kati yake na mahali pa kitanda. Mwenye nyumba alikuwa kijana mwenye kujiamini. Alisema ukuta unakula nafasi. "Hii ni ya kisasa. Usiku huna haja ya kuwasha taa, unafika tu." Nilimuuliza mgeni akija anakaa wapi mwenye chumba akiwa na haja. Akafikiri kwa dhati, akasema mgeni anaweza kusimama nje kidogo.

Cha tatu sikukiona, kwa sababu mfanyabiashara wa parachichi alikuwa amekilipia mwaka mzima taslimu saa mbili kabla yangu. Cha nne kilikuwa kizuri. Vigae sakafuni, maji ya bomba, dirisha linatazama Mlima Rungwe siku ukikubali kuonekana. Mama mwenye nyumba alinikaribisha chai kabisa, akaanza kuniuliza taratibu, huku akinimiminia maziwa.

"Umeolewa, mwanangu?"

"Nimeolewa, mama."

"Mume yuko wapi?"

"Ni dereva wa magari makubwa."

"Aha. Kwa hiyo anakuja siku gani?"

Hapo nilipaswa kusema Ijumaa. Siku yoyote ingefaa. Mimi nikasema, "Akipita."

"Akipita," mama akarudia, na birika likarudi mezani. Nikajaribu kufafanua kwamba inategemea foleni ya mpakani, wakati mwingine saa nane usiku, anapiga honi mara moja tu halafu namfungulia. Kila nilivyofafanua ndivyo chumba kilivyozidi kuwa mbali. Nilipomaliza chai, chumba kilikuwa kimeshapata mpangaji mwingine, ndugu yake mwenyewe, anakuja kesho kutoka Mbeya. Mpaka leo nikipita pale dirisha halina pazia.

Nyumba yenyewe niliipata bila dalali. Shuleni kwetu kuna mama anayetuletea chai na magimbi saa nne asubuhi. Alinisikia nikilia na walimu wenzangu, akaniangalia juu mpaka chini kama anayenunua mbuzi, akauliza swali moja: "Wewe unakaa mwenyewe, mwanamke?" Nikasema ndiyo. Jioni ile ile, mvua inanyesha, alinishika mkono hadi kwa mzee mmoja mtaa wa Msasani.

Ndiyo, Msasani. Tukuyu ina Msasani yake, na Bagamoyo yake pia, hatua chache tu jirani. Nilipompigia mama yangu Muheza kumweleza kwamba nimepata chumba Msasani, alinyamaza sana. "Mshahara gani huo wa ualimu wa kukaa Msasani?" Nikamwambia siyo ile ya Dar es Salaam, ni ya huku, baada ya Bagamoyo. "Mwanangu," akasema, "hebu mpe simu mtu aliye karibu yako."

Mzee mwenye nyumba alikuwa mtu mrefu, koti la suti, mabuti ya mvua, mkongojo wa mti mwekundu. Jina lake la ukoo linaanza na Mwaka, kama majina mengi ya huku, na mtaani wamelikata papo hapo: Mzee Mwaka. Aliniuliza kabila, nikamwambia Mbondei. Aliniuliza mume, na mimi nilikuwa nimeshapata akili: nikasema anafanya kazi kwa zamu. Akataja elfu tisini kwa mwezi. Kisha akanitazama, akamtazama yule mama wa magimbi, akasema sabini. Sikuwa nimefungua mdomo kupunguza bei. Tukakubaliana miezi sita mbele, laki nne na elfu ishirini, nikazihesabu mezani noti kwa noti zikiwa na unyevu. Kuna kengele ilipaswa kulia kichwani. Mwenye nyumba akishusha bei kabla hujaomba, uliza paa.

Mimi sikuuliza kitu. Kilikuwa futi kumi na mbili kwa kumi na nne, choo nyuma ya ukuta halisi wa tofali, kaunta ya saruji iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Kwenye barabara kuu, mita mia mbili hivi, kulikuwa na kiwanja kitupu cha kutosha semi na trela lake. Niligawa chumba kwa pazia la maua: huku kitanda, huku maisha mengine yote. Usiku wa kwanza nililala nikisikiliza mvua juu ya bati, nikijiona mtu anayejitegemea.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nakanda unga wa chapati, mlango nimeurudishia tu. Nje, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha mapigo mawili. Kabla sijanyanyua kichwa mlango wangu ulifunguka, akaingia mwanamke mwenye mwiko mkononi na mtoto mgongoni, hakusema hodi wala habari, akapita mbele yangu mbio, akajitosa nyuma ya pazia langu na kusimama ameelekea ukutani. Mwiko ulikuwa unadondosha mchuzi sakafuni. Mtoto alinitazama juu ya bega lake bila mshangao wowote, kama mwenyeji.

Kikohozi kikapita mbele ya mlango. Mkongojo, mabuti, mlango wa nyumba kubwa, kimya. Mwanamke akatoka nyuma ya pazia, akakunja magoti kidogo kwa adabu. "Samahani, dada mwalimu. Alikuwa baba." Akaenda zake jikoni.

Huyo ndiye Mama Tusa, mke wa mtoto wa mzee. Sisi huita mkaza mwana. Kwetu mkaza mwana humpelekea baba mkwe chai, na akishampa chai humshtakia mumewe. Kumbe huku, kwa wanaoishika mila, mke hamtazami baba mkwe, hakai naye chini ya paa moja, hakutani naye njiani, hataji jina lake wala neno linalofanana na jina lake. Si kila nyumba. Vijana wengi mjini wameiacha. Injili nayo ipo Rungwe tangu Wamoraviani walipofungua misheni yao mwaka 1891, na mzee huyu ni mzee wa kanisa. Ila uani kwake mila na Injili zimekaa benchi moja, hazisukumani. Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa miaka ya 1930 na kuandika vitabu juu yao, ameieleza mila hii kirefu. Mimi sikuwa nimemsoma. Ningemsoma, ningeuliza mlango unaelekea wapi kabla ya kutoa laki nne.

Maana kasoro ya chumba changu ilikuwa hapo, kwenye mlango. Kulia kwangu ni nyumba kubwa ya mzee. Kushoto ni jiko la kuni analopikia Mama Tusa. Mbele ni bomba. Nyumba ya Mama Tusa na mumewe iko nyuma kabisa, ng'ambo ya migomba, na huwezi kukimbia na sufuria ya moto hadi kule. Mzee akitoka, mlango ulio karibu ni wangu. Mzee mwenyewe ni muungwana, naye hujitahidi: hakatizi uani bila kukohoa kwanza. Kukwepana ni kazi ya wote wawili, ila mmoja anakohoa tu na mwenzake anakimbia na mtoto mgongoni.

Na mpangaji aliyetangulia? Alikuwa kijana wa kiume, kapera, mtu mstaarabu kabisa. Mke wa mtu kuingia chumbani kwa kapera mara tano kwa siku, mlango ukafungwa, kisha akatoka anajipangusa jasho, kulileta maneno ambayo hata mzee wa kanisa hakuweza kuyakemea. Kijana alihama mwenyewe kabla ya Krismasi. Ndipo nilipoelewa zile elfu ishirini zilishuka kwa nini, na mama wa magimbi aliniangalia kama mbuzi kwa sababu gani.

Nilizoea upesi kuliko nilivyotaka. Nilijifunza kusogeza meza. Nilijifunza kutokuacha madaftari ya wanafunzi chini, baada ya Kidato cha Pili B kurudishiwa insha zenye nyayo za matope. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama ule ulikuwa mhuri. Bafuni nilijifunza kuingia na kanga yangu na kutoka nimevaa, kwa kuwa self yangu haikuwa ya mtu mmoja. Mama Tusa naye hakuja mikono mitupu. Alikuja na alichokuwa amekishika: ndoo, shoka, kuku nusu amenyonyolewa, siku moja redio inayoimba. Akiondoka, mara nyingine kitu kilisahaulika. Ndizi sikununua mwezi mzima.

Na lugha yake ilinifurahisha. Hakuweza kutamka mwaka, kwa ajili ya mzee. Mtoto wake mkubwa ana miezi kumi na miwili mara saba. Krismasi ni sherehe ya mwisho wa miezi kumi na miwili. Nilimuuliza siku moja heri ya mwaka mpya anaisemaje. Akacheka mpaka akakaa chini: "Nasema heri tu, dada mwalimu. Mwenye kuelewa anaelewa."

Umeme tulishirikiana mita moja ya LUKU, nyumba nzima, na hapo hakukuwa na mila bali vita vya kawaida vya wapangaji. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye anayelipia jengo la mwenzake. Mimi nilikuwa najifanya nina uniti za kutosha mpaka tarehe tatu. Na mzee hivyo hivyo. Tarehe mbili za mwanzo wa mwezi uani petu palikuwa giza, kila mtu na mshumaa wake.

Sasa ile Jumapili ya Aprili. Nilikuwa nasahihisha mitihani. Mama Tusa alikuwa jikoni anapika ndizi za mbalaga na nyama, zile zinazoiva mpaka ulimi unasahau meno, na harufu ilikuwa imeshafika mezani kwangu. Mzee alikuwa kanisani. Mvua ikaanza kwa ghafla ya huku, hainyeshi, inamwagwa. Katikati ya kelele za bati nikasikia kikohozi. Mlango, mwanamke, mtoto, pazia. Nikanyanyua karatasi zangu, nikasubiri mabuti yapite.

Hayakupita. Mwavuli wa mzee ulikuwa umepinduka, naye alikuwa amechagua kibaraza kilicho karibu kuliko vyote. Nikasikia kigoda changu cha nje kikivutwa. Mzee Mwaka aliketi, mgongo kwenye ukuta wangu, futi mbili kutoka mlangoni, akaweka mkongojo magotini na kuisubiri mvua iishe. Mtu aliyezaliwa Rungwe anasubiri mvua ya Aprili iishe!

"Shikamoo, baba," nikasema kupitia mlango.

"Marahaba, mwalimu. Unaendelea na kazi?"

"Naendelea, baba."

Nyuma ya pazia hakukuwa hata na pumzi. Dakika kumi. Ishirini. Nikasahihisha karatasi moja mara tatu, na kila mara ikapata maksi tofauti. Ndipo mtoto akaanza kulia.

Mzee alinyamaza kidogo. "Mwalimu," akasema, "mtoto wako analia."

Sina mtoto. Mzee anajua sina mtoto. Alishanipa pole kwa hilo na kunitajia mizizi. "Ndiyo, baba," nikasema. "Analia."

"Ana njaa?"

Nikachungulia pazia. Mama Tusa akatikisa kichwa, akalaza shavu kwenye kiganja. "Hapana, baba. Ni usingizi."

"Watoto wa siku hizi," mzee akasema, na mvua ikaongeza nguvu. Baada ya muda pua yangu ilipata habari mbaya. Ilianza kama utamu wa ndizi uliozidi, kisha moshi wenye uchungu. Mama Tusa naye aliipata. Nilimwona akifumba macho. Jiko lilikuwa hatua nane. Angeweza kulifikia kwa kuruka mbili. Kati yake na sufuria alikuwa ameketi baba mkwe wake na koti la kanisani.

"Mwalimu," mzee akaita, akiwa ameigeuzia uso migomba. "Huyo mtoto wako. Mwambie mama yake kuna ndizi zinaungua."

Nilitoka na ndoo kichwani badala ya mwavuli. Sijawahi kupika mbalaga maishani. Niliondoa sufuria motoni, nikaona chini pameshika, nikamimina maji, nikakoroga, ambalo ndilo kosa, kwa kuwa cha chini kilikuja juu na uchungu wake wote. Nikaonja, nikaongeza chumvi. Kosa la pili. Mvua ilikatika saa kumi kasoro. Mzee alinyanyuka, akanishukuru kwa kigoda, akaenda kwake. Mama Tusa alitoka nyuma ya pazia miguu imekufa ganzi, akaitazama sufuria kwa muda mrefu sana. "Dada mwalimu," akasema, "kwenu Tanga mnakula nini?"

Chakula kilipelekwa na mtoto mkubwa, kama siku zote. Kilirudi kimeliwa robo, na ujumbe: babu anauliza kama nyumba imepata mpishi mgeni.

Mume wangu alikuwa ameshapita mara kadhaa kufikia hapo, lakini usiku, honi moja, na kabla ya adhana ya alfajiri yuko njiani. Mzee alikuwa akimsikia tu. Mwezi wa sita giaboksi ikamfia karibu na Kiwira. Gari likavutwa hadi Tukuyu, tingo wake akatumwa Mbeya kutafuta spea, na yeye akalala kwangu siku tatu mfululizo, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu fungate. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili niligundua kuwa mwanamume mmoja anajaza futi kumi na mbili kwa kumi na nne kuliko kabati. Mama Tusa alikuwa amelazimika kukimbilia nyuma ya migomba, na alinitazama kwa jicho la mtu aliyenyang'anywa.

Siku ya tatu asubuhi mume wangu alikuwa bombani anapiga mswaki. Mzee akakohoa, akatoka. Nikawasikia wakisalimiana Kiswahili, halafu kwa Kinyakyusa. Mume wangu anakijua cha kuombea maji. Alizaliwa Tanga, baba yake alitoka Kyela akiwa kijana kufuata kazi za mkonge, akaoa huko, akazikwa huko kabla mimi sijaolewa. Kwa hiyo sikuwahi kuwa na baba mkwe wa kumpelekea chai, sembuse wa kumkimbia.

"Unaitwa nani?" mzee akauliza. Mume wangu akatema povu, akataja jina la baba yake, na la babu. Mzee akataka kijiji. Ipinda. Akataka upande gani wa Ipinda. Mkongojo ukaanza kuchora matope: huyu, nduguye huyu, aliyehamia huku mwenye ng'ombe weusi, aliyeoa mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshapanga vikombe kwenye sinia. Niliona vizuri mwenye nyumba apate chai kwangu hata mara moja. Nilitoka mlangoni na sinia wakati ule ule mkongojo ulipofika ncha ya mwisho ya mchoro.

"Babu yako na baba yangu ni tumbo moja," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akamshika mume wangu mabega yote mawili. "Wewe ni mwanangu."

Mume wangu, ambaye amekuwa yatima tangu akiwa na miaka kumi na tisa, alitokwa machozi na dawa ya mswaki kidevuni. Nami nikasogea na sinia, nikitabasamu. "Baba, karibu chai."

Mzee akageuza uso wake kwenye migomba. Akakohoa mara mbili.

Kutoka jikoni nilisikia mwiko ukianguka. Halafu kicheko, cha mtu aliyeziba mdomo kwa kanga na kanga isitoshe.

Siku ile mume wangu, kwa furaha ya kupata baba, alimlipia nusu nyingine ya kodi yote papo hapo, akasema hataki tuhame hapa. Gari lilipopona akaondoka kwenda Lilongwe akipiga honi mpaka kwenye kona. Mimi nikabaki uani na ukoo mpya. Mzee hanisemeshi tena. Risiti yangu ililetwa na mtoto wa Mama Tusa, yule wa miezi kumi na miwili mara saba. Kigoda changu kilirudishwa kimefutwa. Nilipotaka kuuliza habari za LUKU nilimtafuta mtoto, mtoto alikuwa kwenye mpira, na tukalala giza.

Ningeweza kukataa. Mimi ni Mbondei, ni mwalimu, na mkataba wangu haukutaja ukwe. Nilimwambia hivyo Mama Tusa. Alinisikiliza vizuri, akasema, "Basi mfuate mwambie." Kikohozi kikasikika wakati huo huo, na sijui miguu yangu iliagizwa na nani. Nilijikuta nyuma ya pazia langu mwenyewe, mikono ina unga, Mama Tusa ubavuni, sote tumeelekea ukuta.

Mvua ya juma lile ilipata njia mpya kwenye bati, juu ya kitanda hasa. Niliweka ndoo siku mbili. Ya tatu, jioni, kikohozi kikaja mpaka bombani na kusimama. Bomba likafunguliwa, halafu likafungwa. Mzee akaanza kuzungumza, polepole, na bomba.

"Wewe bomba," akasema, "mvua ya safari hii ni kali. Sijui kama bati la upande ule bado ni zima."

Mama Tusa akanikandamiza kiwiko. Nikatazama kilichokuwa karibu.

"Wewe sufuria," nikasema kwa sauti, "linavuja. Juu ya kitanda. Na kodi imelipwa ya miezi kumi na miwili."

Kimya kidogo. Mama Tusa alikuwa amening'ang'ania mkono, analia kwa kicheko.

"Fundi atakuja kesho saa tatu," mzee akaliambia bomba, akakohoa, akaenda zake.